Ukungu Kwenye Kingo za Herufi

Kama wewe ni kijana na umeambiwa una mtoto wa jicho, sikupi pole. Mimi nilipewa pole za kujaza gunia na hakuna hata moja iliyonisaidia kusoma mstari mmoja. Naandika sasa kwa sababu macho yangu yote mawili yamepasuliwa, nyuzi zimetolewa, na naweza kukaa mbele ya skrini bila kulia wala kumtukana mtu. Kutukana ndiko kulikochelewa kuisha. Hakujaisha kabisa.

Nilikuwa nachapa kazi za watu katika ofisi ya Bi Salma, mjini Voi. Kadi za harusi, barua za kuomba kazi, mitihani ya majaribio ya shule za msingi, matangazo ya mazishi. Hakuna aliyenifundisha kompyuta. Nilijifunza kwa kubonyeza kila kitu na kuogopa kila nilichobonyeza. Nilikuwa mtu wa kuichapa upya karatasi nzima kwa sababu mkato mmoja umekaa vibaya, na usiku nikilala naona ule mkato.

Mashine ilikuwa moja na sisi tulikuwa wawili. Asubuhi yangu, alasiri ya Mwadime, kijana wa fotokopi ambaye hakuna kitu duniani kilichomkosesha usingizi. Tuligombana tangu mwanzo kuhusu kitu ambacho wateja hawakukiona. Herufi za kwenye skrini zimejengwa kwa nukta, na ukisogeza uso karibu, mkunjo wa S una ngazi kama za ghorofa. Ndani ya mipangilio ya skrini palikuwa na kijisanduku cha kulainisha kingo za herufi. Ukitia alama pale, mashine inapaka nukta za kijivu kwenye zile ngazi na jicho linaona mstari laini. Lazima kwanza uongeze idadi ya rangi, la sivyo hakifanyi kazi. Nilikigundua mwenyewe na nilikipenda kama mtu anavyopenda nguo iliyopigwa pasi. Mwadime alisema herufi zangu zinaonekana zimelowa maji. Yeye alitoa alama kila alasiri, mimi niliirudisha kila asubuhi.

Kiangazi kimoja weupe wa skrini ukaanza kuniumiza. Herufi nyeusi zilikuwa na ukungu pembeni, kama mtu amepumulia kioo. Nilijua ni nani wa kulaumu.

"Mwadime, umegusa tena."

"Sijagusa kitu."

"Angalia hizi r na n. Zimeshikana."

"Mimi naona r, naona n. Kila mmoja na nyumba yake."

"Toa hiyo alama!"

"Imetolewa, dada! Njoo uone mwenyewe. Hii mashine utaiua na hizo setingi zako."

Nikaja kuona. Kijisanduku kilikuwa kitupu. Na jambo baya zaidi nililijua hata kabla hajanionyesha: kile kijisanduku, kwenye mashine yetu, hakikugusa herufi ndogo za kusomea. Kililainisha zile kubwa za vichwa vya habari tu. Nilikuwa nimelichunguza hilo kwa wiki nzima hapo mwanzo, nikijisifu. Ukungu niliouona ulikuwa kwenye herufi ndogo. Kwa hiyo haukutoka pale. Nilisimama mbele ya wateja, nikamwambia Mwadime ni mwongo, nikakaa chini kuchapa.

Baada ya hapo nilifanya kila kitu isipokuwa kuyafikiria macho yangu. Nilipunguza mwanga wa skrini. Niliigeuza mgongo kwa dirisha. Nilimsumbua Bi Salma mpaka akanunua kile kioo cheusi cha kuning'iniza mbele ya skrini kuchuja mwanga, nacho kila saa kilijaa vumbi jekundu la Voi nikakifuta kwa pindo la sketi. Nilibadilisha ukurasa mweupe kuwa wa kijivu. Kila dawa ilifanya kazi kwa siku chache, na hilo ndilo lililonipoteza. Kama zote zingeshindwa mara moja, ningekwenda hospitali mapema.

Na kila asubuhi kabla ya kutoka nyumbani nilitia matone. Miaka miwili nyuma vumbi lilinifanya macho yawashe na kuwa mekundu kama ya mlevi. Mwuza dawa mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita daktari, alinipa kichupa. Kwa siku mbili macho yakawa meupe kama ya mtoto. Alisema nitumie wiki. Wiki ilipoisha wekundu ulirudi, na mimi siwezi kukaa mbele ya mteja nikiwa na macho mekundu. Nikanunua kingine. Hakuniuliza kitu. Tukaendelea hivyo, yeye anauza, mimi natia.

Kilichonipeleka hospitali ni tangazo la mazishi. Familia moja ya Voi ilifiwa na baba, na ndugu zake wengi wako Taveta, kule Chala. Tangazo lilipelekwa na basi wabandike kanisani. Nilichapa saa ya ibada nikaisoma kwenye skrini, nikaisoma tena, kwa sababu mimi husoma tena. Niliona 3, saa yenyewe waliyonipa. Karatasini ilikuwa 8. Ndugu wa Chala walifika alasiri wakakuta kaburi limefunikwa na watu wanakula.

Walikuja ofisini siku iliyofuata. Dada wa marehemu, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, aliweka karatasi mezani mbele yangu.

"Nisomee hapa."

Nikaishika karatasi karibu na pua. "Saa nane."

"Sasa umeiona? Sasa? Ndugu yangu nimemkuta mchanga mtupu!"

Bi Salma alikuja akamshika mabega, akamwita dada, akamwomba radhi kwa Mungu na kwa marehemu. Walipoondoka hakunipigia kelele. Yeye ni mtu wa pwani, akikasirika sana sauti inashuka.

"Mshai, mwanangu. Kesho usije hapa. Nenda wakakutazame hayo macho. Ukirudi bila jibu, kiti nitampa Mwadime."

Hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao ndio hasa nataka usome.

Kliniki ya macho pale Voi ilikuwa chumba kimoja, na benchi la kusubiri lilitazama mlango ulio wazi. Ndani, ukutani, kulikuwa na ile karatasi ya herufi zinazopungua. Sista, muuguzi wa pale, alitaka kila mtu asome kwa sauti. "Toa sauti, mzee! Huku si maungamo!" Nilikaa pale tangu asubuhi. Kila aliyeingia aliisoma mistari ileile, na wale vijana waliopelekwa kupimwa kwa ajili ya kazi waliisoma mpaka chini. Sikukusudia kuikariri. Lakini mimi ndivyo nilivyo. Nikiona kuna mtihani mbele, kichwa kinakusanya majibu chenyewe. Zamu yangu ilipofika nilijua karatasi ile kama sala ya Baba Yetu.

Nilifunika jicho moja, nikasoma mpaka chini. Nilifunika lingine, nikasoma mpaka chini. Nilipokwama kwenye herufi moja, nilitazama umbo lake la ukungu, nikakumbuka mfululizo, nikaitaja. Sista akasema, "Wewe uko sawa kuliko mimi. Punguza kompyuta." Nikatoka nikiwa na furaha. Furaha! Nilipita barabarani nimekodoa macho juani, machozi yananitoka, nikiwa nimefaulu.

"Kwa hivyo umepita?" Mwadime aliniuliza. "Kwani ulikuwa unafanya mtihani wa KCSE?"

Bi Salma alinirudishia kiti. Mvua za vuli zikaja zikaenda, na masika ikaja ikaenda, na muda wote huo nilitia matone na kuongeza ukubwa wa herufi. Kama uko kwenye benchi kama lile sasa hivi, ziba masikio. Ukiitwa, sema usichokiona. Hakuna cheti kinachotolewa.

Mama ndiye aliyenikamata. Yeye anaishi Maungu, analima kidogo panapokubali, na anawauzia madereva wa malori chai na mahindi kando ya barabara kuu. Nilimtembelea Jumapili moja saa sita mchana. Nilishuka, nikavuka, nikampita. Nilimpita mama yangu mzazi kwenye jiko lake mwenyewe, nikaenda kumwamkia mwanamke mwingine.

Alinifuata, akanishika mkono, akavua leso yake akaiweka juu ya kichwa changu ikaning'inia mbele kama paa.

"Sasa unaniona?"

Nikamwona. Ndani ya kile kivuli alikuwa na kila kunyanzi lake.

"Jioni unaona, mchana huoni. Wewe umekuwa popo tangu lini?"

"Ni jua, mama."

"Jua nimeishi nalo miaka yote, halijanipitisha mbele ya mama yangu. Ni hiyo televisheni yako. Utaiacha."

Tuligombana hadi lori lililosimama likaondoka bila kununua. Mwishoni alisema ataniacha na kompyuta yangu ikiwa nitaandamana naye Mombasa, na yeye ndiye atakayekaa nami ndani, nisiende kumdanganya mtu mwingine. Alikuwa amekwisha kunifahamu.

Chumba cha kusubiri cha hospitali ya macho Mombasa kilikuwa na joto la kuivisha ndizi, na kila aliyekuwamo alikuwa babu au bibi, wamekaa wametazama mbele kama wanaongoja treni. Walikuwa na watoto wao na wajukuu wa kuwashika mkono. Mzee mmoja kutoka upande wa Salaita, mwenye kofia ya sufu kwenye joto lile, alinigeukia.

"Binti, umemleta nani?"

"Nimejileta."

"Hawa wote ni mtoto wa jicho."

"Nimeambiwa nikae hapa."

Akacheka mpaka kofia ikasogea. "Basi karibu, bibi. Una wajukuu wangapi?" Na benchi zima likacheka, watu wasioona hata wanamcheka nani. Niliwachukia wote. Mama naye alicheka, nikamchukia kuliko wote. Kisha yule mzee akatoa kashata mfukoni, akaipapasa akaivunja, akanipa kipande kikubwa. Nilikila. Ni vizuri niseme na hayo.

Daktari alikuwa mtu wa haraka asiye na tabasamu la bure. Alinimulika, akanimulika tena.

"Unatia nini machoni?"

Nikatoa kichupa kwenye mkoba. Nilikitoa kwa fahari, kama mwanafunzi anayeonyesha daftari safi.

"Uliambiwa utumie muda gani?"

"Wiki."

"Na umetumia?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilisema ukweli kwa sauti ndogo, na nikamsikia akinong'ona kwamba ni ile kompyuta.

"Dawa hii ndiyo imekufanyia hivi," daktari akasema. "Si kompyuta, mama, usiisingizie. Ni hii. Yote mawili yatapasuliwa." Akakitupa kichupa ndani ya pipa. Aliandika bila kunitazama, akaita, "Anayefuata."

Sitakueleza habari za lenzi na pazia la jicho, watakueleza wao. Nitakueleza hasira. Kwa majuma kadhaa nilikuwa napita mbele ya lile duka la dawa nikiwa na maneno tayari mdomoni. Siku niliyoingia, yule mtu alinitazama kwa huruma ya kweli akauliza, "Macho vipi, dada? Nikupe ile yako?" Nikatoka. Mpaka leo ni aibu yangu kwamba sikupiga hata kelele.

Jicho la kushoto lilipasuliwa mwanzoni mwa vuli. Sindano ya ganzi inaingia pembeni mwa jicho na hakuna namna ya kuipamba. Baada yake husikii maumivu, unasikia mikono. Daktari na msaidizi wake waliongea habari za mpira muda wote. Wakati ule niliona ni dharau. Nyumbani Maungu, mama aliniosha nywele nimelala chali kwenye benchi, kichwa kikining'inia, ili maji yasifike kwenye bandeji. Alifanya hivyo kila Jumamosi akinung'unika kuhusu kompyuta tangu povu la kwanza hadi la mwisho, kana kwamba daktari hakusema neno. Kanisa lake zima lilijua. Wanawake wa maombi walikuja wakaniwekea viganja usoni, na mimi nikiwa na jicho jipya nikapiga ukelele wa kuwafukuza. Mama hakusema nami siku hiyo wala kesho yake. Nywele aliziosha lakini.

Bandeji ilipotoka niliona milima ya Sagala kutoka Voi, mti kwa mti. Nikakimbia ofisini. Nikaketi, nikafunika jicho bovu, nikatazama skrini.

Ukungu.

Si ule wa maziwa wa zamani. Huu ulikuwa ukungu safi, mwepesi, lakini herufi hazikuwa na ukingo. Lenzi waliyoniwekea haijikunji kama lenzi ya kuzaliwa. Imewekwa ione mbali, basi. Walinipa miwani ya kusomea, nayo ilisoma kitabu nikikishika karibu. Skrini haikai mbali na haikai karibu. Inakaa urefu wa mkono, na urefu wa mkono haukuwa umepangiwa jicho.

Nilitia alama kwenye kijisanduku, nikaitoa, nikaitia. Nilikuza herufi hadi maneno matatu yakajaza mstari. Mwadime alisimama nyuma yangu.

"Hiyo ni barua ama ni bango la kampeni?"

Nilimrushia kalamu. Iligonga fotokopi. Bi Salma akatoka nyuma, akaona uso wangu, akamwambia Mwadime akafungue mlango wa nje kwa sababu kuna joto, ingawa ulikuwa wazi. Kisha akanisogezea kiti karibu na chake. "Jicho moja limebaki," akasema. "Hebu hilo nenda ukalisemee."

Wakati wa kiangazi cha baadaye, kabla ya masika, nilirudi Mombasa na uzi. Nilikuwa nimeupima kutoka puani hadi kwenye skrini na kuukata. Nilimwekea daktari mezani kabla hajasema kaa.

"Nataka jicho hili lione hapa."

"Hapa wapi?"

"Mwisho wa uzi. Hii ndiyo kazi yangu. La kushoto umelipatia milima. Sifanyi kazi mlimani."

"Kwa nini hukusema mwanzoni?"

"Hukuniuliza."

"Wewe pia hukusema!" Aliinua sauti, nami nikaikuta juu. Mama akasema kwa Kiswahili chake cha Maungu, polepole, "Daktari, huyu nimempeleka kila mahali. Hii mashine yake siipendi. Lakini bila hiyo atakaa kwangu, na sisi tutauana."

Daktari karibu acheke. Akaufungua uzi, akaushika puani pangu, akatikisa kichwa. "Umeupima ukiwa umeinama. Mtu asiyeona husogea. Ukipangiwa hivi utainama maisha yako yote." Akanipeleka kwa karani wa mapokezi, akanikalisha mbele ya taipu yake, akaniambia nichape huku amenishika mabega yakae nyuma kitini. Akapima yeye. Uzi wangu ulikuwa mfupi sana. Kisha akanikazia macho: akiniwekea hivyo, jicho la kulia halitaona mbali bila miwani tena, na kichwa kinaweza kukataa macho mawili yasiyopatana. Hakuna kurudi nyuma. Aliniambia nitoke nje nifikirie.

Nilikaa na mama kwenye benchi. Mimi ni mtu ninayeogopa mkato mmoja kwenye karatasi.

"Kama ni mbaya?" nikamwuliza.

"Utagombana na mimi tena. Kwani ni kitu kipya?"

Nikarudi ndani nikasema ndiyo.

Kichwa kilikataa kwa majuma. Nilitapika. Ngazi za posta zilinichezea. Jicho moja lilitaka barabara, jingine lilitaka meza, na mimi katikati nilishika ukuta. Kisha katikati ya masika, asubuhi moja tu ya kazi, niligundua nimechapa ukurasa wa mtihani mpaka chini na sijafikiria macho. Nilifunika la kushoto. Herufi ndogo zilikuwa na kingo, kali kiasi cha kuona nukta zilizozijenga. Nilimwita Mwadime, akaja amejikinga kwa trei ya karatasi.

Leo sichezi tena na mipangilio kila asubuhi. Ukurasa ni kijivu hafifu, herufi saizi moja juu ya ile ya zamani, vichwa vya habari vimelainishwa, na kiti kimewekewa alama ya rangi sakafuni kisisogee. Si kamilifu. Taa za magari usiku bado zina miale, na mistari iliyosimama ina kivuli chembamba ambacho kitakuwapo daima. Nimejaribu kuacha kukitafuta. Siku nyingine nakitafuta.

Mara ya mwisho nilipokwenda kupimwa, daktari alinimulika akasema niondoke, nirudi mwakani. Hakuuliza habari za kazi yangu, hakutaja uzi, nami sikumshukuru. Nilikuwa bado nafunga mkoba wangu mlangoni alipoingia bibi mmoja wa Taita aliyeongozwa na mwanawe. Daktari alimkalisha. Alikuwa bado hajawasha taa yake alipouliza, kwa sauti ileile ya haraka isiyo na tabasamu:

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nasuka vikapu."

"Unakishika wapi ukisuka?"

Bibi yule hakuelewa mara moja. Kisha akainua mikono yake mbele ya kifua, viwiko vimekunjwa, vidole vimeshika kitu kisichokuwapo, akakaa hivyo bila kutikisika, na daktari akanyoosha mkono kuchukua kipimo.